Kitufe cha Mama

Kwa miaka mingi, mzigo wowote uliotoka katika ghala letu ulitoka kwa neno moja. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango, pindo la buibui amelikunja juu ya magoti, na kila lori au mkokoteni uliopakiwa ulisimama mbele yake kwanza. Alitazama mzigo, akamtazama mwenye mzigo, kisha akasema, "Toa." Asiposema, hakuna aliyethubutu kusogeza hata sufuria moja.

Ghala lilikuwa upande wa Shauri Moyo, mwendo mfupi kutoka Gikomba. Tuliuza kwa jumla vitu vya nyumbani: mabeseni, ndoo, thamosi, sufuria, blanketi, mikeka ya plastiki. Wateja walitoka mitaa yote ya Eastlands, na wengine walikuja na malori kutoka Busia na Garissa. Mama na marehemu mumewe ndio walioanzisha biashara hiyo, kwa meza moja ya vikombe. Sote tulimwita Mama, hata wale waliomzidi umri. Alizaliwa Pumwani na hakuwahi kuishi mbali na hapo, na wateja wake wengi aliwajua tangu walipokuwa wakibebwa mgongoni na mama zao.

Mimi nilikuwa karani wa stakabadhi. Naishi Mowlem, na wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta ya jioni, nikiwa na cheti ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza habari zake. Siku meneja alipoamua kuleta mfumo mpya, aliuliza ofisini nani anaelewa kompyuta kidogo. Wenzangu wakanigeukia. Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kuwa kiungo kati ya watu wa mfumo na watu wa ghala.

Meneja huyo alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama. Alisomea biashara chuo kikuu, na alimheshimu mamake kiasi kwamba hakukaa mbele yake mpaka aambiwe kaa. Lakini alikuwa amechoka. Tulikuwa tumeagiza thamosi wakati zingine zimejaa nyuma ya mikeka, bila mtu kujua. Msimu mmoja wa baridi tuliwaambia wateja kwamba blanketi zimekwisha, kumbe marobota mazima yalikuwa juu, panya wakiyafurahia. Alitaka programu kama zile za kampuni kubwa, ambamo manunuzi, stoo, mauzo na hesabu vinakaa pahali pamoja, ukigusa kimoja kingine kinajua.

Kampuni iliyotuuzia ilituletea watu wawili. Mmoja alikuwa mshauri, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini na tabia ya kufikiri kabla ya kujibu. Wa pili alikuwa fundi wa programu, mwanamume mcheshi wa Umoja, baba wa watoto wawili.

Mkutano wa kwanza ulifanyika ofisini juu, na Mama alipanda ngazi kuja kusikiliza, jambo alilolifanya mara chache. Mshauri alitueleza jinsi mfumo unavyofanya kazi, kisha akatuomba jambo moja tu: tuutumie jinsi ulivyokuja, mwaka mzima, kabla ya kuuliza ubadilishwe. Alisema umetengenezwa na watu waliokwisha kuona maghala mengi, na kwamba pengine kile tulichodhani hakimo kimo, ila kiko mahali ambapo hatujapazoea. Meneja akamwambia biashara yetu ni tofauti na nyingine. Mshauri akasema kila ofisi aliyoingia humwambia hivyo, na hakuyasema kwa dharau.

Ndipo Mama akauliza swali lake.

"Mfumo huu utanijua mimi?"

"Hapana, Mama," mshauri akasema. "Na haufai kukujua. Unafaa uijue kazi, ili yeyote aliyekabidhiwa kazi hiyo aweze kuifanya."

Mama alishika ukingo wa meza, akainuka, akashuka kurudi langoni. Mimi nilikuwa nyuma yao na sinia ya glasi za chai, nikamsikia kwenye ngazi akimwambia mwanawe kwamba hajalea biashara hii mpaka ikaota meno ili mashine ije imwondoe kitini. Mwanawe alimjibu kwa upole. Alimwahidi kuwa mfumo utafanywa umfuate yeye.

Baada ya siku hiyo mshauri hakukaa nasi sana. Alituandikia maoni yake, meneja akayasoma na kuyaweka kando, kisha akaomba kampuni ituachie yule fundi peke yake. Mshauri alipokuja kuaga alinipa mkono, akanishauri niwe nauliza kila ombi linalopita mikononi mwangu limetoka kwa nani na kwa nini. Nilimwitikia. Nilimpenda, lakini moyoni niliona kama anatuwekea ugumu bila sababu.

Fundi alikuwa mtu wa watu. Alipofika asubuhi alianza na mabawabu, "Niaje wazee," akawapitia hamali, akaja mpaka kwa mzee wa stoo ambaye hakuna aliyekuwa akimsalimia kwa Sheng, na mzee akawa anaitikia "Poa" akicheka. Kasoro yake ilikuwa hiyo hiyo. Hakuweza kumnyima mtu. Ungemwendea na ombi lolote, angekunja mikono ya shati na kusema, "Hiyo ni kitu ndogo."

Na maombi yalikuwa mengi. Mzee wa stoo alitaka mikeka ihesabiwe kwa korija, kama alivyofunzwa, ishirini ishirini, huku mfumo ukihesabu moja moja. Watu wa mauzo walitaka ukurasa wa kompyuta ufanane na kile kitabu cha risiti walichokizoea, mpaka rangi yake ya waridi. Mhasibu alitaka ripoti yenye mpangilio aliouanzisha mwenyewe zamani, ambao hakuna mwingine aliyeuelewa. Kila mmoja aliniambia mimi, nami nikampelekea fundi, naye akafanya. Tulijisikia kama watu walioenda kwa fundi cherehani baada ya miaka ya kuvaa mitumba. Kila nguo ilitukaa.

Mama aliomba mambo mawili. La kwanza lilikuwa dazeni. Wateja wake wa siku nyingi, akiwauzia dazeni ya mabeseni, aliwapa kumi na matatu. Hakuiita zawadi wala punguzo. Kwake hiyo ndiyo dazeni ya mtu wa nyumbani. Fundi akaufunza mfumo kwamba kwa wateja fulani dazeni ni kumi na tatu. La pili lilikuwa neno lake. Hakuna mzigo utakaotoka bila yeye kusema toa.

Fundi alikaa na ombi hilo muda mrefu kuliko mengine. Mwishowe alileta kidude kidogo cheusi cha kusoma alama ya kidole, akakiunganisha na kompyuta iliyowekwa kwenye meza ndogo karibu na kiti cha langoni. Oda ikiwa tayari, kilitokea kitufe kikubwa kilichoandikwa TOA. Mama aliweka kidole, skrini ikawa kijani, na karatasi ya kutolea mzigo ikachapwa papo hapo. Siku ya kwanza kukijaribu, tulikuwa tumemzunguka sote. Aliweka kidole polepole, kana kwamba anagusa chungu cha moto. Kijani kilipowaka alicheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, cha msichana.

"Kimenijua," akasema.

Hamali walipiga makofi. Nami nilipiga.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Blanketi zilijulikana ziliko, thamosi hazikuagizwa mara mbili. Kisha yakaanza mambo madogo madogo. Mabeseni yaliyo kwenye kompyuta hayakulingana na yaliyo sakafuni, kwa sababu tuliyanunua kiwandani kwa dazeni ya kumi na mbili na kuyauza kwa dazeni ya kumi na tatu, na mahali fulani katikati mfumo ulichanganyikiwa. Fundi akarekebisha. Marekebisho hayo yakaipotosha ripoti ya mhasibu, akarekebisha na hiyo. Ripoti ilipopona, hesabu ya korija ikaanza kuonyesha mikeka nusu na robo, kana kwamba kuna mtu anayenunua robo ya mkeka. Fundi hakulalamika hata siku moja. Alikuja mara kwa mara mpaka akawa na kikombe chake jikoni.

Wakati huo kampuni iliyotuuzia mfumo ilitoa toleo jipya kwa wateja wake wote, lenye mabadiliko yaliyohitajika kwa stakabadhi za kodi. Wengine walilipokea, kazi ikaendelea. Fundi alililinganisha na mfumo wetu kwa siku kadhaa, akaja kumwambia meneja kwamba sisi tungoje kwanza. Tukilipokea, alisema, kila alichotutengenezea kitafutika, naye itambidi aanze upya. Tukangoja. Stakabadhi za kodi tukawa tunaziandaa kando, kwa mkono, na kazi hiyo ikawa yangu.

Kisha fundi akapata kazi ng'ambo. Tulimfurahia kwa dhati. Tulimnunulia keki na soda, Mama akamsomea dua, mzee wa stoo akamkumbatia. Meneja alimuuliza kama ameandika mahali jinsi alivyovifanya vile vitu vyote. Fundi akajigusa kichwani akasema viko hapa, na kwamba simu yake itakuwa wazi wakati wowote. Alikuwa mkweli. Simu yake ilikuwa wazi.

Mama alianguka bafuni wiki za mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Alivunjika nyonga.

Kwetu sisi huo ndio wakati mzito kuliko wote wa mwaka. Wazazi wanaopeleka watoto shule za bweni wanataka ndoo, beseni, blanketi, kikombe cha bati, na wachuuzi wote wanataka mzigo siku moja. Asubuhi ile habari zilitufikia tukiwa tayari tumepakia. Tulisimama langoni, tukilia na kuulizana, na malori yamejipanga mpaka barabarani. Dereva mmoja alishuka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pole sana, siste. Mathe ataamka lini?" Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa na safari ya Busia mbele yake.

Meneja alirudi kutoka hospitalini, akaweka kidole chake kwenye kile kidude. Skrini ilibaki nyekundu. Akajaribu kingine. Mimi nikajaribu kutafuta kwenye mfumo mahali pa kuongeza mtu wa pili, sikupaona. Tukampigia fundi simu, naye alipokea mara moja, akasikitika sana kwa ajili ya Mama, akaanza kutuelekeza hatua kwa hatua. Tulipofika mwisho, stakabadhi zikagoma kutoka kabisa, hata za mizigo iliyokwisha kuruhusiwa. Ikabidi aturudishe tulikotoka. Alisema hakumbuki vizuri alivyofunga kile kitufe. Alikuwa amekipitisha kila mahali, kwenye stoo, kwenye risiti, kwenye zile dazeni, kwa sababu Mama alisema chochote kisitoke bila yeye.

Tungeweza kutoa mizigo kwa karatasi, na kwa nusu siku tulifanya hivyo. Lakini mfumo haukujua kilichotoka, ukaendelea kuwaahidi wateja wengine ndoo ambazo hazipo, na ugomvi ukazuka langoni kati ya mama wawili, kila mmoja na uthibitisho wake mkononi kwamba mzigo ni wake. Meneja akaamua. Nichukue kompyuta ya kubebeka na kile kidude, niende hospitalini.

Siku ya kwanza Mama alifurahi, na kwa kweli nilifurahi pamoja naye. Alikuwa amelala wodini, uso umepungua, mguu umeegeshwa, lakini aliponiona natoa kompyuta kwenye mkoba alijivuta juu ya mto. Aliniuliza kila oda ni ya nani. Nikimtajia, aliuliza hali ya mteja, kama binti yake amejifungua, kama kesi ya kibanda chake imeisha. Kisha akaweka kidole. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, bibi kutoka Mathare aliyevunjika mkono, alitutazama akasema yeye tangu alazwe hakuna aliyemtafuta kwa kazi yoyote. Mama akamwambia, "Mimi hata hapa wananihitaji." Alilisema kwa fahari.

Muuguzi hakupenda. Alinivuta kando akaniambia mgonjwa anahitaji kupumzika, na kwamba kama ni lazima nije, nije wakati wa kuona wagonjwa tu. Nikawa nakuja wakati huo, watu wengine wakiwa na uji na matunda, mimi na kompyuta. Nilikuwa naenda haraka haraka kwenye oda ili tumalize kabla kengele haijalia. Siku ya tatu au ya nne niligundua Mama ameacha kuuliza habari za wateja. Aliweka tu kidole, macho yamefumbwa, na kila nilipomwambia "nyingine" alikiinua na kukirudisha.

Kisha akafanyiwa upasuaji. Nilipofika siku iliyofuata alikuwa bado amezama katika dawa, anapumua kwa mdomo, mkono wa kulia umelala juu ya shuka. Nilikaa. Simu ikalia, ni meneja, na nyuma yake nikasikia kelele za langoni, honi na watu. Akaniuliza kama Mama yuko macho. Nikamwambia hayuko. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma maneno ya mwingine, "Mshike tu kidole. Ukiweke pale."

Nilitoa kidude nikakiweka kitandani. Niliuinua mkono wake. Ulikuwa na joto, umevimba kidogo, hina ya harusi ya mjukuu wake imebaki kwenye kucha tu. Mkono huo ulikuwa umenishika bega siku niliyofiwa na baba yangu, na haukuwa na uzito kama ule. Bibi wa Mathare alikuwa ananitazama. Aligeuza uso ukutani, na kule kugeuka kwake kulinifikia kuliko neno. Nikaurudisha mkono wa Mama juu ya shuka, nikaufunika.

"Siwezi," nikamwambia meneja. "Nitakuwa namtumia kama muhuri."

Nilitegemea angekasirika. Alikata simu, na baada ya muda akatokea wodini mwenyewe, amevaa shati lenye vumbi la ghala. Alisimama upande wa pili wa kitanda. Alikitazama kile kidude cheusi kilichokuwa karibu na paja la mamake, akakitazama kidole chake, na kwa kitambo sikujua atafanya nini. Nadhani hata yeye hakujua. Kisha akavuta kiti, akakaa bila kuambiwa, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Alikaa hivyo mpaka kengele ikalia. Tulipokuwa tunashuka ngazi akaniambia nimtafute yule mshauri.

Mshauri alikuja kesho yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya "si niliwaambia", lakini hakuyasema, wala uso wake haukuyasema. Aliuliza kwanza hali ya Mama. Kisha akakaa na mfumo wetu kutwa nzima, akiufungua sehemu baada ya sehemu, na jioni akatueleza alichokiona. Kitufe hakikuweza kung'olewa peke yake. Akatolea mfano nyumba za mtaani kwao, ambazo watu wamejenga vyumba vya nyongeza mpaka vikafunika kifuniko cha mfereji wa maji taka, na sasa mfereji ukiziba fundi hana pa kuingilia. Ushauri wake ulikuwa kuuweka mfumo upya, safi, kama ulivyotoka kwa wenyewe, tuhesabu ghala lote na tuanzie hapo.

Meneja hakubisha. Tulitangazia wateja, tukafunga lango, tukahesabu. Mizigo ya haraka ilitoka kwa karatasi, na wateja wengine walitukimbia wakaenda kwa wapinzani, na baadhi yao hawajarudi mpaka leo.

Wakati wa kupanga, mshauri alituita idara moja moja. Alikuwa na orodha ya kila kilichobadilishwa, na kwa kila kimoja aliuliza, "Hiki kinamsaidia nani?" Nilishangaa jinsi majibu yalivyokuwa machache. Ile rangi ya waridi hakuna aliyekumbuka aliiomba nani. Watu wa mauzo walisema ilikuwa ya mhasibu. Mzee wa stoo alisema korija anaweza kuzihesabu kichwani, kompyuta iandike inavyotaka. Mhasibu alitetea ripoti yake kwa muda, kisha akaona mwenyewe kwamba mfumo ulikuja na ripoti iliyosema yale yale. Lililoniuma zaidi ni la dazeni. Ndani ya mfumo ule, tangu siku ya kwanza, kulikuwa na sehemu ya kumpa mteja bidhaa ya nyongeza, ukaiandika wazi kuwa ni nyongeza. Hakukuwa na haja ya kuifundisha kompyuta kwamba kumi na tatu ni dazeni. Hata ruhusa ya kutoa mzigo ilikuwapo, na mahali pa kutaja nani ataruhusu mwenye kazi asipokuwapo. Hatukuwa tumetazama. Tulikuwa na haraka ya kuomba.

Nimewaza sana juu ya hilo. Sidhani tulikuwa wajinga. Tulikuwa watu tunaopenda namna yetu ya kufanya mambo, na mtu akija na kitu kigeni, jambo la kwanza tunalotaka kujua ni kama kitatuheshimu. Fundi alituheshimu kwa kutukubalia kila kitu. Mshauri alituheshimu kwa kutukatalia, na heshima ya namna hiyo ni ngumu kuitambua inapokuja. Fundi bado namsalimia kwenye simu mara moja moja. Alipojua yaliyotokea aliomba radhi mpaka nikamwambia basi.

Mama alirudi ghalani baada ya miezi, na fimbo, akishikwa na mjukuu. Meza ndogo ya langoni ilikuwa imeondolewa. Aliketi, akatazama lori likipita mbele yake bila kusimama, dereva akampungia mkono kwa furaha na kuendelea. Niliona anavyolifuata kwa macho mpaka likakata kona. Mwanawe alikuwa ameniomba mimi nimweleze, yeye hakuweza. Nikamweleza kwamba sasa watu watatu wanaweza kuruhusu, kwamba yeye ni mmoja wao akitaka, na kwamba toleo jipya lilikuja tukalipokea bila hata kusimamisha kazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Waliniambia hukukubali kuniwekea kidole," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ningekuwa macho, ningekuambia uweke." Akaiegemeza fimbo gotini. "Niliogopa nikiacha kusema lile neno, watu watapita hapa kama pasipo na mtu."

Nilimletea chai, tukakaa. Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwake. Alikuja, akakaa, akaondoka mapema. Siku nyingine hakuja kabisa, na meneja alikuwa akiuliza bawabu zaidi ya mara moja kama gari la nyumbani limefika. Halafu asubuhi moja Mama akaniita akaniambia anataka kwenda kuwaona wateja wake kwenye maduka yao. Miaka yote hiyo wao ndio waliokuja kwake. Hakuwahi kuona vitu vyake vinakofikia.

Tulianza na yule bibi wa wodini, ambaye hakuwa mteja hata kidogo. Alikuwa na kibanda Mathare, anauza mboga zilizokatwa, mkono wake umepona ingawa umepinda kidogo. Njia ya kushukia ilikuwa na matope, na Mama alinishika mkono kwa nguvu, tukaenda taratibu, watu wakitupisha. Bibi alipomwona alifuta stuli kwa kanga yake. Walizungumza habari za mifupa, za madaktari, za wakwe zao. Mama akamuuliza kwa nini anaweka sukumawiki kwenye magunia badala ya beseni, naye akaeleza kwamba kwenye beseni maji hukaa chini na majani huoza. Mama akawa anauliza na kuuliza, kama mtu aliyeanza biashara jana.

Tukirudi juu kwenye gari alisimama kupumua. Akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi hasa, na kama mama yangu yu hai. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi na hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia yu hai, anaishi Shauri Moyo katika nyumba ile ile aliyotulelea, mtaa wa pili kutoka ghalani, na kwamba saa hizi huwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Karibu hivyo?" akasema. "Basi tupitie tumjulie hali."

Nikampigia mama simu kumwambia aweke maji ya chai.